Hawapendani, au Hawajapendana?

Miongoni mwetu sisi tunaojihesabu kuwa wasomi, kuna vitabu ambavyo mtu hukiri kwa sauti kuu kwamba amevisoma, na kuna vingine ambavyo husomwa kwa siri na kutajwa kwa kunong'ona. Katika fungu hili la pili zimo riwaya za mapenzi zinazosimulia enzi zilizopita, hasa zile zilizofumwa pamoja na visa vya upelelezi, ambazo haziishii katika kitabu kimoja bali hufuatana msururu, cha tano, cha kumi, hata cha ishirini. Mhadhiri akikutwa na kitabu cha aina hiyo mkononi, husema haraka kuwa ni cha binti yake. Mwanafunzi naye hukifunika kwa gazeti. Nataka kutoa hoja leo kwamba aibu hiyo haina msingi. Fauka ya hayo, nathubutu kusema kwamba Kiswahili, ambacho hakijapata mfululizo kamili wa namna hiyo, ndiyo lugha iliyojaliwa nyenzo bora za kuuandika.

Tuanze na jambo lenyewe, maana si kila msomaji analifahamu. Mfululizo wa aina hii huwa na watu wawili, aghalabu mwanamume na mwanamke, wanaokutanishwa na maiti. Mtu ameuawa, nao kwa sababu zao mbalimbali wanataka kumjua mwuaji. Hawapatani. Mmoja ni mwenye kiburi, mwingine ana jeraha la moyoni ambalo hajapata kulisimulia. Kitabu cha kwanza kinapomalizika, mwuaji amejulikana, lakini wawili hao wanaagana kwa kupeana mkono tu. Katika cha pili mmoja anagundua kwamba alikuwa akiisubiri barua ya mwenziwe. Katika cha tatu wanagombana. Msomaji anaendelea kufungua kurasa, na laiti ungemwuliza anatafuta nini, angeona haya kukiri kwamba habari ya mwuaji imekwisha kumtoka akilini.

Hapa Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, vitabu hivyo huwafikia wengi kwa njia ya mitumba, vikiwa vimetandazwa chini kando ya barabara pamoja na kamusi zilizochanika na vitabu vya hesabu. Mitumba haina mpango. Juzuu ya sita hufika kabla ya ile ya pili, na msomaji hulazimika kuwaona watu wakiwa na watoto kabla hajawaona wakijuana. Hata hivyo wasomaji hawakati tamaa. Huandikiana orodha, huazimana, na huwaagiza wauzaji wawawekee. Huo ni usomaji ambao sisi walimu tumekuwa tukiulilia miaka nenda miaka rudi: usomaji usiolazimishwa na mtihani.

Waingereza huyaita mapenzi ya namna hii kwa mfano wa kitu kinachoungua taratibu. Sisi hatuna haja ya kuutafsiri mfano huo, kwa kuwa tunao wetu. Mtu wa pwani anaujua moto wa makumbi. Hauna mwali, na mpita njia hudhani umezimika; kumbe chini yake kuna joto linalokaa usiku kucha, na asubuhi ukipuliza kidogo tu unawaka. Basi na tuyaite mapenzi ya moto wa makumbi.

Mfano ulio mashuhuri zaidi wa moto huo ni wa mwandishi Mwingereza, Dorothy L. Sayers. Katika "Strong Poison", riwaya aliyoitoa mwaka 1930, mwanamke aitwaye Harriet Vane yuko kizimbani akishtakiwa kumpa sumu mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Lord Peter Wimsey, bwana mkubwa mwenye mazoea ya upelelezi, anaamini kwamba hana hatia, anamposa akiwa bado gerezani, na anamwokoa na kitanzi. Mwandishi wa pupa angewaoza papo hapo. Sayers hakufanya hivyo, kwani aliona jambo ambalo wengi hawalioni: mtu aliyeokolewa roho yake hawezi kumpenda mwokozi wake kwa uhuru. Shukrani ni deni, na mdeni si sawa na anayemdai. Kwa hiyo Harriet anakataa. Anakataa tena katika "Have His Carcase" ya mwaka 1932. Ni katika "Gaudy Night" ya mwaka 1935, baada ya kuonana katika chuo cha wanawake huko Oxford na kuheshimiana kama watu wawili wenye akili, ndipo anapokubali. Ndoa yenyewe inakuja mwaka 1937, katika "Busman's Honeymoon". Kumbuka kwamba Sayers aliandika juu ya zama zake mwenyewe. Lakini waandishi wengi wa leo wanaorudi nyuma karne moja au mbili kutafuta wapelelezi wawili wasiokiri kupendana wamepita katika njia aliyoilima yeye.

Mfano wa pili unatuleta katika bara letu. Barbara Mertz, Mmarekani aliyepata shahada ya uzamifu katika elimu ya Misri ya kale kutoka Chuo Kikuu cha Chicago, alianza mwaka 1975, kwa jina la uandishi la Elizabeth Peters, mfululizo wa Amelia Peabody, mwanamke anayechimba makaburi ya mafirauni na kufichua wauaji katika Misri ya mwishoni mwa karne ya 19. Amelia mwenyewe anaolewa mapema. Wanaotusubirisha ni mwanawe, Ramses, na Nefret, msichana anayeingia katika hadithi kwenye kitabu cha mwaka 1991 ambacho kisa chake kiko Sudan. Msomaji aliyekutana na Nefret mwaka huo alingoja hadi mwaka 2000 kuwaona wawili hao wakiungana. Hiyo ni miaka tisa. Kuna watu wazima walioa, wakazaa na wakapeleka watoto shuleni katika muda huo.

Kwa nini msomaji akubali kusubirishwa namna hiyo? Nadhani jibu ni kwamba mfululizo huuliza maswali mawili yenye mwendo tofauti. Swali la kwanza ni nani aliyeua, na hilo hujibiwa kila kitabu, ili msomaji asihisi ametapeliwa. Swali la pili ni je, watapendana, na hilo halijibiwi upesi. Jibu la swali la kwanza humpa msomaji uradhi. Kuchelewa kwa jibu la pili humrudisha dukani. Wala tusidhani kwamba ujanja huu ulibuniwa Ulaya. Waswahili wameusoma kwa lugha yao tangu Alfu Lela u Lela ilipofasiriwa katika enzi ya ukoloni. Shahrazad ni mwanamke aliyeolewa na mfalme mwenye desturi ya kuwaua wake zake asubuhi. Kila alfajiri anaikata hadithi mahali ambapo mfalme hawezi kuvumilia kutojua kinachofuata. Kifo kiko mlangoni, hadithi haijaisha, na baina ya watu wawili kitu kinabadilika usiku baada ya usiku. Ukiondoa majini na mazulia, hicho ndicho kiini cha mfululizo ninaouzungumzia.

Sasa tuutazame mfano ulio karibu nasi zaidi kwa mila, ingawa si wa kihistoria. Mwaka 1998 Alexander McCall Smith, mzaliwa wa Bulawayo, alitoa riwaya ya kwanza juu ya Mma Ramotswe, mwanamke wa Botswana aliyeuza ng'ombe wa urithi wa baba yake akafungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone. Aliwahi kuolewa na mpiga tarumbeta aliyempiga, na mtoto wao alifariki. Bwana mmoja fundi wa magari, mpole, mwenye gereji, anamposa, anakataliwa, mwishoni mwa kitabu anakubaliwa. Kisha uchumba unaendelea kitabu baada ya kitabu, huku bwana huyo akipatwa na ugonjwa wa huzuni na kupona, hadi harusi inapofanyika mwishoni mwa kitabu cha tano, mwaka 2003. Lakini jambo lililonivutia mimi kama mwanaisimu ni hili: kabla ya uchumba, wakati wa uchumba na baada ya ndoa, Mma Ramotswe anaendelea kumwita mumewe Mr J.L.B. Matekoni, cheo, herufi na ukoo. Wasomaji wa Ulaya huliona jambo hilo kuwa la kuchekesha. Mwafrika haoni kichekesho chochote.

Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu zoezi la kutafsiri kwa Kiswahili ukurasa mmoja wa riwaya ya Kiingereza ambamo mwanamke, baada ya vitabu vinne vya kumwita mwanamume kwa cheo na jina la ukoo, anamwita kwa mara ya kwanza kwa jina lake la utotoni. Katika Kiingereza ukurasa huo ni kilele. Ni kama busu. Darasa liligawanyika. Kundi moja liliondoa neno "Bwana" na kuacha jina tupu, likaridhika. Kundi la pili lilipinga vikali. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba nyumbani kwao mke akimwita mume kwa jina tupu, majirani watajua kuna ugomvi. Akaeleza kwamba kwao mapenzi hayatoki kwenye cheo kwenda kwenye jina, bali hutoka kwenye jina kwenda kwenye cheo: mtu anaanza kuwa Kiprono au Wanjala, na anapopendwa na kuheshimiwa anakuwa Baba Fulani. Mwingine akasema kwamba msichana anayemwita kijana "kaka" anafunga mlango kwa adabu. Siku anapoacha kumwita kaka bila kuweka neno jingine mahali pake, kijana mwenye akili anaelewa kwamba mlango umeachwa wazi kidogo.

Ninalileta jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba mwandishi wa Kiswahili atakayeandika mapenzi ya moto wa makumbi hatakuwa mwigaji. Atakuwa na ngazi nyingi zaidi za kupandishia hisia kuliko Mwingereza, ambaye ana cheo na jina tu. Sisi tuna bwana, bibi, kaka, dada, shemeji, mwenzangu, binti fulani, mama fulani, na pia ukimya wa kutomwita mtu kwa neno lolote. Ujirani, ukoo, umri na heshima vyote vimo katika maneno hayo, na kila mara neno moja linapobadilika, msomaji makini anajua kwamba kuna kitu kimesogea moyoni.

Isitoshe, sarufi yetu ina zawadi mbili ambazo waandishi wengi wamezipuuza. Ya kwanza ni ya mwandishi wa upelelezi. Nikisema, "Aliingia, akafungua sanduku, akatoka bila kuonekana," sijasema kama aliyeingia ni mwanamume au mwanamke, wala sijadanganya. Yeye ni yeye. Mwandishi wa Kiingereza anayetaka kuificha jinsia ya mwuaji analazimika kupinda sentensi hadi msomaji aanze kumshuku. Mswahili anaificha kwa kuzungumza tu kama anavyozungumza kila siku.

Zawadi ya pili ni ya mwandishi wa mapenzi, nayo ndiyo iliyonipa kichwa cha makala haya. Tofauti kati ya "hawapendani" na "hawajapendana" ni silabi moja na irabu ya mwisho. Kitenzi cha kwanza kinakanusha. Kitenzi cha pili pia kinakanusha, lakini kinaacha mlango wazi: jambo halijatokea, na huenda likatokea. Lugha nyingi huhitaji neno la pembeni ili kusema hivyo. Kiswahili kimeliweka tumaini hilo ndani ya kitenzi chenyewe. Mtu akiulizwa kama ameoa, huwezi kumsikia akisema "sioi" isipokuwa ameapa kuishi mseja. Atasema "sijaoa". Mfululizo mzima wa mapenzi ya kuchelewa, kuanzia Harriet Vane hadi Mma Ramotswe, unaishi ndani ya hicho kiambishi -ja-.

Ikiwa lugha imejaliwa hivyo, rafu yetu ina nini? Tusijidharau: upelelezi tunao, na ni wa kujivunia. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 kwa "Mzimu wa Watu wa Kale", kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, na akaendelea na Bwana Msa, mvuta kiko wake, kupitia "Kisima cha Giningi" na vingine hadi "Kosa la Bwana Msa" ya mwaka 1984. Faraji Katalambulla alitupa "Simu ya Kifo" mwaka 1965. Elvis Musiba alimtuma Willy Gamba mbio kutoka mji hadi mji kuanzia "Kufa na Kupona" ya mwaka 1974. Ben Mtobwa alimleta Joram Kiango, na vijana wa Afrika Mashariki wakakesha.

Lakini tazama mahali mapenzi yalipowekwa. Bwana Msa ana rafiki yake Najum, na urafiki wao ni mtamu. Mapenzi ni ya washukiwa, si ya mpelelezi. Willy Gamba, kwa desturi ya majasusi wa sinema, hukutana na warembo ambao huja na kuondoka. Mtobwa peke yake ndiye aliyekaribia, kwa kumwandama Joram na Nuru, msichana jasiri anayeonekana kando yake katika riwaya zaidi ya moja. Hata hivyo risasi zililia sana mno kiasi kwamba mazungumzo yao hayakupata nafasi ya kukua. Kwa upande mwingine, riwaya zetu nzito zina watu wawili wa kusubiriwa, lakini hazina mfululizo. Adam Shafi katika "Vuta N'kuvute" ya mwaka 1999 alituonyesha Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni, Yasmin aliyemkimbia mume mzee, na Denge mpigania uhuru anayewindwa na makachero wa Mwingereza. Mapenzi yamo, historia imo, polisi wamo. Marehemu Ken Walibora katika "Kidagaa Kimemwozea" aliwakutanisha Amani na Imani, na akampa Amani fumbo la kuchunguza: nani aliyeuiba mswada wake? Vitabu hivyo vyote viwili vingeweza kuzaa watoto. Kila kimoja kikabaki pekee.

Sababu ya upweke huo haihitaji mchawi kuitambua. Nchini Kenya, riwaya ya Kiswahili huandikwa ikiwa na jicho moja kwenye orodha ya vitabu teule vya shule za upili. Kitabu kikiteuliwa, kinauzwa kwa wingi kwa miaka michache. Kisipoteuliwa, kinalala ghalani. Mfululizo hauwezi kuishi kwa sheria hiyo, kwa sababu hakuna baraza la mitihani litakaloteua kitabu cha nne cha kisa ambacho vitatu vya kwanza havikusomwa. Matokeo yake ni kwamba tunawalea vijana wanaoijua riwaya ya Kiswahili kama kitu cha kuchambuliwa maudhui, mbinu na wahusika. Wakimaliza Kidato cha Nne wanaifunga, wanavuka barabara, na wanakwenda kwenye mitumba kutafuta hadithi ya Kiingereza. Lugha inayosomwa kwa ajili ya mtihani pekee hufa mkononi mwa msomaji siku matokeo yanapotangazwa.

Najua nitapingwa, na pingamizi moja ni zito. Riwaya za kihistoria za mapenzi ni maarufu kwa kuupaka ukoloni marashi. Mabwana wa Kiingereza hucheza dansi katika majumba ya fahari bila mtu kuuliza ni mashamba gani ya miwa, na watumwa gani, yaliyolipia mishumaa. Afrika Mashariki haikusalimika. Elspeth Huxley, aliyekulia Thika na Njoro, aliandika riwaya za mauaji katika miaka ya 1930, akiziweka katika koloni la kubuni alilolipa jina la Chania. M.M. Kaye aliandika kisa cha mauaji kilichotukia katika Bonde la Ufa baada ya vita vya Mau Mau, kikatoka mwaka 1958, na kingine cha Zanzibar, kilichotoka mwaka 1959. Katika vitabu hivyo Mwafrika ni mtumishi au mshukiwa. Hayumo miongoni mwa watu wawili tunaowasubiri wapendane.

Dawa ya kasoro hiyo, hata hivyo, si kuacha kuandika. Dawa ni kuandika wenyewe. Nitatoa mfano wa hapa tulipo. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Fimbo zake za uongozi zilirejeshwa mwaka 2006. Fuvu lake bado linadaiwa. Mwaka 1908 Makaburu wakiongozwa na Jansen van Rensburg waliupanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64, na wenyeji wakalitohoa neno la Kiingereza la nambari hiyo wakapaita Sisibo. Mwaka 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret. Husimuliwa kwamba kasha la fedha la benki ya kwanza lilianguka kutoka kwenye gari, likawa zito mno kuinuliwa, ikabidi benki ijengwe palepale kulizunguka. Reli ikafika mwaka 1924.

Msomaji mpenzi, hebu fikiri. Mji ambao jengo lake lilifuata kasha. Mhindi mwenye duka, Kaburu mwenye shamba, askari kutoka mbali, Mnandi aliyenyang'anywa malisho. Na lugha moja tu inayowapitisha wote mlangoni, Kiswahili. Tena si Kiswahili kimoja. Kulikuwa na Kisetla, Kiswahili cha wazungu kilichonyofolewa upatanisho wa sarufi na kujazwa amri, na kulikuwa na Kiswahili cha adabu cha karani aliyetoka pwani. Mweke karani huyo, mkalimani wa mahakama, mbele ya mwanamke wa hapa anayejua ni nani aliyekuwa wapi usiku ule. Mpe kesi moja kila kitabu, kuanzia mwaka 1910 hadi garimoshi la kwanza. Mchana kutwa anatafsiri amri. Jioni anajifunza namna ya kumwita mwanamke huyo kwa heshima. Je, ni nani kati yetu asingengoja kitabu cha pili?

Pingamizi jingine husemwa na wazazi na wahubiri: kwamba vitabu vya mapenzi huwaharibu vijana. Mimi naona kwamba baadhi huharibu kweli, na ni wajibu wetu kusema ni vipi. Turudi kwa yule M.M. Kaye. Mwaka 1963 alitoa "Trade Wind", riwaya ndefu iliyowekwa Unguja ya mwaka 1859, wakati wa uasi wa Sayyid Barghash. Mandhari yake yamechorwa kwa ustadi. Lakini ndani yake mwanamume anamteka mwanamke na kumnajisi, na baadaye tunatakiwa tuwafurahie wakiwa wapenzi. Hapo ndipo kiambishi nilichokisifu kinapogeuka sumu. Mwanamume huyo amesikia "hataki" akajifanya amesikia "hajataka". Wako wengi mitaani kwetu wenye ugonjwa huo wa masikio, nao si wasomaji wa riwaya.

Mlinganishe sasa na Wimsey. Anaposa, anakataliwa, anaondoka. Anaporudi, anarudi kama rafiki na mfanyakazi mwenza, akiwa tayari kukataliwa tena. Miaka mitano inapita, na katika miaka hiyo si subira yake inayoamua mambo, bali ni mwanamke mwenyewe anayefika mahali ambapo anaweza kusema ndiyo bila kudaiwa. Tofauti kati ya vitabu hivi viwili si ya kasi tu. Ni tofauti ya nani mwenye haki ya kukitamka kiambishi. "Hajanipenda" si neno la anayeposa kujipa matumaini; ni neno ambalo anayeposwa pekee ndiye mwenye mamlaka ya kuligeuza kuwa "amenipenda", au kulirudisha kuwa "hanipendi", na mambo yakaishia hapo. Mfululizo ulioandikwa vizuri humfundisha msomaji jambo hilo kitabu baada ya kitabu, polepole, bila mahubiri. Sijui somo la stadi za maisha linalolifundisha vizuri zaidi.

Kwa hiyo nawaomba wachapishaji wetu wathubutu. Wasianze na vitabu kumi; waanze na vitatu vidogo, vya bei ambayo mwuza mboga anaweza kuilipa, wavitoe kwa kufuatana na kwa tarehe inayojulikana. Magazeti nayo yarudishe desturi ya hadithi za mfululizo na kuzipa nafasi ya kupumua. Walimu wawaache wanafunzi wasome kitabu kimoja kwa muhula bila kuwauliza maudhui yake. Na waandishi vijana, hasa ninyi mnaoandika usiku na kuficha madaftari, acheni kuona haya. Bwana Msa hakuonewa haya na waliomtangaza mshindi.

Ukiniuliza basi kama Waswahili na riwaya za namna hii wanapendana, nitakujibu kama mwanasarufi. Hawajapendana.